Kuchagua hifadhi ya mtandao kwa ofisi yenye Windows, Mac na Linux

Ofisi nyingi ninazozihudumia mjini Kisumu hazikununua kompyuta zake kwa mpango mmoja. Mhasibu ana kompyuta ya mezani ya Windows iliyokuwepo tangu ofisi ifunguliwe. Mchoraji wa ramani alikuja na MacBook yake na hataki kusikia habari ya mashine nyingine. Kijana wa takwimu anatumia Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux. Faili zinazunguka kwa flashi na kwa WhatsApp, na ikifika saa ya kumpelekea mteja kazi yake, hakuna mwenye hakika ni ipi ya mwisho. Ndipo ninapopigiwa simu: "Fundi, tunataka ile mashine ya kuweka faili pamoja. Tununue ya diski ngapi?"

Swali la diski huwa naliweka kando kwanza. Kwa ofisi yenye mchanganyiko wa namna hiyo, kitu cha kutazama kabla ya vingine kwenye hifadhi ya mtandao, ile tunayoiita NAS, ni jinsi inavyoongea na kila mfumo na jinsi inavyomtambua kila mtu anayeingia. Diski utaweza kuzibadilisha baadaye. Kisanduku kisichoelewana na Mac ya mchoraji kitamfanya aanze kuweka kazi kwenye laptopu yake peke yake, na mkishafika hapo pesa zenu zimepotea.

Kwa hiyo anza na karatasi na kalamu. Pita meza kwa meza uandike kila mashine, mfumo wake na toleo lake. "Windows" peke yake haitoshi. Windows 7, 10 na 11 hazina tabia moja. Andika pia kila mtu anashughulika na faili za namna gani, kwa sababu barua za Word hazina uzito wowote, lakini picha za droni za shamba moja zinaweza kufika gigabaiti 20. Na usiiruke mashine ya fotokopi iliyo kwenye korido. Ikiwa inaskani moja kwa moja hadi kwenye folda, nayo ni mtumiaji wa NAS, na mara nyingi ndiye mtumiaji msumbufu kuliko wote.

Lugha moja kwa mashine zote

Njia inayotumiwa na Windows kufungua folda zilizo kwenye mashine nyingine inaitwa SMB. Mac imeifanya SMB kuwa njia yake ya kawaida tangu OS X Mavericks ya mwaka 2013, na njia ya zamani ya Apple, AFP, sasa inaondolewa polepole. Linux inaelewana na SMB kupitia Samba, programu iliyoanzishwa na Andrew Tridgell kule Australia mapema miaka ya 1990. Samba hiyohiyo ndiyo inayofanya kazi ndani ya visanduku vingi vya NAS vinavyouzwa kwa ofisi ndogo.

Muuzaji anaweza kukwambia uwashe zote tatu: SMB kwa Windows, AFP kwa Mac, NFS kwa Linux, ili kila mtu apate "yake". Mimi nakataa kabisa. Mhasibu akifungua jedwali kwa SMB, NAS huweka kufuli ili mwingine asiandike juu yake. Kijana wa Ubuntu akiingia kwenye folda hiyohiyo kwa NFS, kufuli hilo huenda lisimfikie, na wawili hao wakafutiana kazi bila kujua. Tena NFS ya kawaida humtambua mtu kwa namba ambayo kompyuta yake mwenyewe inaitaja. Mtumiaji wa kwanza kwenye karibu kila Ubuntu ni namba 1000. Leta laptopu mbili za Ubuntu, na mbele ya NAS wenye laptopu hizo ni mtu mmoja. Kwa ofisi inayoshika faili za wateja hilo halifai.

Basi wote watumie SMB, hata Linux. Kwenye Ubuntu unaweka kifurushi cha cifs-utils, kisha kwenye faili ya /etc/fstab unaongeza mstari kama huu, wote kwenye mstari mmoja:

//nas/kazi /mnt/kazi cifs credentials=/home/mimi/.nas,uid=1000,vers=3.0,_netdev 0 0

Jina na nenosiri vinakaa kwenye ile faili ya .nas, ambayo unaifunga asiisome mtu mwingine. NFS iache kwa folda ambayo mashine za Linux pekee ndizo zinazoigusa.

Sasa toleo la SMB. Toleo la kwanza lifungwe. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry vilisambaa duniani kwa kupitia udhaifu wa SMB 1, na mwishoni mwa mwaka huohuo Microsoft ikaanza kuliondoa toleo hilo kwenye Windows 10 mpya. Kwenye mipangilio ya NAS weka SMB 2 kuwa ya chini kabisa na SMB 3 kuwa ya juu. Windows 7 itaingia bila shida. Kitakachokataa ni ile fotokopi ya zamani, kwa sababu nyingi zinajua SMB 1 tu, na hapo ndipo utasikia watu wakisema, "Washa tu ile ya zamani, kazi iendelee." Usiwashe. Tengeneza akaunti ya fotokopi pekee, ipe folda moja tu, na itume kwa FTP, njia ya zamani ya kupeleka faili, ndani ya mtandao wa ofisi, au iskani kwenye barua pepe. Mlango mmoja mbovu ukiachwa wazi kwa ajili ya fotokopi, faili za ofisi nzima ziko nyuma ya mlango huo.

Kuna jambo jingine linalowasumbua watu sana siku hizi. Windows 11 Pro toleo la 24H2 inadai kila mawasiliano ya SMB yatiwe sahihi, yaani alama ya kidijitali ya kuthibitisha kwamba hayakuguswa njiani, na haikubali kuingia kama mgeni asiye na jina. Ofisi zilizokuwa zimechomeka diski ya USB nyuma ya ruta, na folda iliyo wazi kwa wote, ziliamka asubuhi moja laptopu mpya haioni kitu. Mtandaoni utapata maelekezo ya kuzima ulinzi huo. Yaache. Tiba yake ni NAS inayoweza kutia sahihi na yenye akaunti kwa kila mtu, na hili liwe swali lako la kwanza dukani.

Mac na majina ya faili

Uliza kama kisanduku kina mipangilio ya kuelewana na macOS. Ndani ya Samba kazi hiyo hufanywa na sehemu iitwayo fruit. Hiyo ndiyo inayohifadhi vizuri yale maelezo ya ziada ambayo Mac hubandika kwenye faili, na ndiyo inayoiwezesha Time Machine kuweka nakala kwenye NAS kwa SMB. Time Machine usiipe nafasi bila mpaka. Huendelea kuweka nakala za zamani mpaka nafasi ijae, kwa hiyo mpe mwenye Mac kiwango, tuseme mara mbili ya diski yake, na kisizidi hapo.

Watu wa Windows watalalamika kuhusu faili za .DS_Store na nyingine zinazoanza na nukta na mstari wa chini. Hizo Mac huziacha kila folda inayopita. Hazidhuru, lakini zinachosha macho. Kuzizuia zile za .DS_Store, kwenye Mac fungua Terminal, andika amri hii, kisha utoke kwenye akaunti na kuingia tena:

defaults write com.apple.desktopservices DSDontWriteNetworkStores -bool true

Majina ndiyo yanayonichukulia muda mwingi kuliko kitu chochote katika kazi hii. Nilikuwa kwenye ofisi ya wapima ardhi hapa mjini, ghorofani, karibu na barabara ya Oginga Odinga. Namba za mashamba yetu huandikwa kwa mkwaju (/): wilaya, eneo, namba, mfano wa Kisumu/Kajulu/0000. Mzee mwenye ofisi anatumia Mac, na Mac humruhusu kuandika mkwaju kwenye jina la faili. Yeye aliona jina lake safi kabisa. Msaidizi wake kwenye Windows aliona herufi chache zilizovurugika, na alama ya ~ katikati, faili baada ya faili, folda nzima. Hakuweza kujua shamba la nani ni lipi bila kuzifungua moja moja.

Nikamwambia, "Mzee, huu mkwaju haupiti Windows."

"Lakini hati ya ardhi ndivyo ilivyoandikwa," akanijibu, na alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu kwa mpima ardhi namba ya shamba si kitu cha kuchezea.

Tulikubaliana mkwaju uwe kistari kwenye majina ya faili tu, na ndani ya michoro ubaki kama ulivyo. Baadhi ya NAS zinaweza kutafsiri alama hizi zenyewe, lakini mpangilio huo unafaa uwashwe kabla ya faili kuingia. Ukiwashwa baadaye, majina ya zamani yanaweza kubaki na vurugu zake. Sheria ninayobandika ukutani katika kila ofisi ni hii: usitumie / \ : * ? " < > | kwenye jina, usimalize jina kwa nukta wala nafasi, na tarehe iandikwe mwaka kwanza, 2025-03-14, ili faili zijipange zenyewe. Watu wa Linux nao wakumbushwe kwamba kwao Ramani.dwg na ramani.dwg ni faili mbili, ila kwa Windows ni moja. Na folda zisiingizwe ndani ya folda bila kikomo: programu nyingi za Windows bado hugoma njia ya faili ikizidi herufi 260.

Nikiwa bado hapo: diski ya terabaiti 4 itasomeka 3.63 kwenye Windows na 4 kwenye Mac. Hakuna aliyeibiwa. Apple huhesabu kwa maelfu tangu mwaka 2009, ilhali Windows huhesabu kwa 1024. Waeleze watu mapema, maana nimeshaona bosi akitaka kurudisha diski dukani.

Kisanduku na diski

Ofisi isiyo na mtu wa kompyuta wa kila siku, nunua kisanduku kilichokamilika, Synology au QNAP, chenye kurasa za mipangilio ambazo hata katibu anaweza kuzifuata. Ofisi yenye kijana anayeijua Linux na anayelipwa muda wa kuitunza inaweza kuweka OpenMediaVault au TrueNAS, programu zinazogeuza kompyuta kuwa NAS, kwenye kompyuta nzuri iliyotumika. TrueNAS inataka RAM isiyopungua gigabaiti 8, na faida yake ni mfumo wa kuhifadhi faili wa ZFS, ambao hukagua data yenyewe na kugundua ikiwa imeharibika kimyakimya. Ila kijana huyo akihama kwenda Nairobi, nani ataishika? Mimi huuliza swali hilo waziwazi mbele ya mwenye ofisi.

Kwa watu wasiozidi kumi wenye kazi ya barua na majedwali, nafasi mbili za diski katika RAID 1 zinatosha (RAID ni mpango wa diski kadhaa kufanya kazi kama moja): diski moja ikifa, nyingine ina kila kitu. Wapima ardhi, wachora majumba na watu wa video nawashauri nafasi nne. RAID 5 kwa diski nne inakupa nafasi ya diski tatu na inavumilia kifo cha moja. RAID 6 inakupa nafasi ya mbili na inavumilia vifo viwili. Diski zikiwa kubwa sana, mimi huchagua RAID 6, kwa sababu kujenga upya diski kubwa huchukua saa nyingi, na katika saa hizo zile zilizobaki zinafanya kazi ngumu kuliko siku zote.

Nunua diski zilizotengenezwa kwa NAS, na soma kama ni za CMR au SMR, njia mbili za kuandika data kwenye diski. Zile za SMR hupanga data kwa kupandanisha mistari na huwa nzito sana wakati wa kujenga RAID upya. Mwaka 2020 Western Digital ilikubali kwamba baadhi ya diski zake za WD Red zilikuwa SMR. Zile za WD Red Plus ni CMR, na IronWolf za Seagate pia. Angalia orodha ya diski zinazokubaliwa na kisanduku chako kabla ya kulipa. Na ukiuziwa diski iliyotumika, omba kuona taarifa za SMART, yaani kumbukumbu ambayo diski hujiwekea kuhusu afya yake, mstari wa Power-On Hours. Saa 40,000 ni zaidi ya miaka minne ya kuwaka bila kuzima.

Nyaya na stima

Kagua swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao, kabla ya kulaumu NAS. Swichi ya zamani ya megabiti 100 hupitisha takriban megabaiti 11 kwa sekunde, ya gigabiti hupitisha kama 110. Zile gigabaiti 20 za droni zitachukua nusu saa kwenye ya kwanza, dakika tatu kwenye ya pili. Nyaya ziwe Cat5e au Cat6. Waifai inafaa kwa barua; mchoraji wa ramani mpe waya, hata kama MacBook yake itahitaji adapta.

Kuhusu stima sitanii. NAS inayozimika ghafla katikati ya kuandika inaweza kuharibu folda nzima, na hapa kwetu stima hupotea bila kuaga. Nunua UPS, ile betri inayoshikilia mashine stima ikikatika, yenye waya wa USB wa kuongea na NAS, na uhakikishe modeli yake iko kwenye orodha inayotambuliwa. Stima ikikatika, UPS inaijulisha NAS, nayo inajizima kwa utaratibu baada ya dakika ulizopanga. UPS isiyoongea itaishiwa na betri usiku watu wakiwa wamelala, na NAS itazimika ghafla vilevile.

Radi za kutoka ziwani haziingii kwa soketi peke yake. Huingia pia kwa waya wa mtandao unaoshuka kutoka kwenye antena ya paa. Waya huo uwekewe kinga ya radi yake na uunganishwe vizuri na ardhi (earth) kabla haujagusa swichi iliyounganishwa na NAS. Kisha kuna wadudu wa ziwani, wale wanaojaa kama moshi na kufuata taa usiku. Ofisi moja upande wa Dunga, nilipofungua kifuniko cha nyuma cha NAS, feni ilikuwa imevikwa tabaka la wadudu waliokauka, kama blanketi la kijivu, na diski zilikuwa zinachemka. Weka kisanduku mbali na dirisha na mbali na taa inayoachwa ikiwaka, juu ya rafu, si sakafuni panapopigwa deki. Safisha feni mara kwa mara na uwashe onyo la joto lije kwa barua pepe.

Watu, milango na nakala

Kila mtu awe na akaunti yake, na ruhusa zitolewe kwa vikundi: uhasibu, michoro, wakubwa. Mtu akihama idara unabadilisha kikundi tu. Akaunti ya msimamizi isitumike kwa kazi ya kila siku, na nenosiri lake liwe limeandikwa na kufungiwa kwenye sefu ya ofisi.

NAS isifunguliwe kwenye intaneti. Januari 2022 virusi vya DeadBolt vilifunga faili za watu kwenye vifaa vya QNAP vilivyokuwa vimeachwa wazi huko nje, na kudai fidia. Anayetaka kufanya kazi akiwa Siaya au Busia apitie VPN, njia ya siri iliyofungwa inayopita ndani ya intaneti hadi ofisini. Tena si suala la virusi tu: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, data ya wateja ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, mnatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Ofisi ya wakili au kliniki isiisahau hiyo.

RAID haihesabiki kuwa nakala. Mtu akifuta folda, inafutika kwenye diski zote kwa pamoja. Chagua NAS yenye snapshoti, zile picha za hali ya folda zinazochukuliwa kila saa, ili faili ya jana irudi kwa dakika chache. Kisha weka diski mbili za USB zinazopokezana, moja ofisini, nyingine nje ya jengo. Ofisi yenye tawi Kakamega iipeleke huko. Diski hiyo ikiwa imepangwa kwa ext4, mfumo wa faili wa Linux, Windows na Mac hazitaisoma bila programu ya ziada. Ikiwa unataka mtu yeyote aweze kuichomeka siku kisanduku kimekufa, tumia exFAT, ambayo Windows na Mac huisoma, na ufunge data kwa nenosiri.

Kabla hujamlipa fundi salio lake, fanya jaribio naye akiwepo. Fungueni faili moja kutoka Windows, Mac na Linux kwa wakati mmoja, muone wa pili anaambiwa nini. Futa folda, irudishe kwa snapshoti. Chomoa UPS ukutani, usubiri mpaka NAS ijizime yenyewe, kisha uiwashe tena. Chomeka diski ya nakala kwenye kompyuta tofauti na ufungue ramani moja, si kuangalia jina lake tu. Vyote vikikubali, hamisha idara moja kwanza, uhasibu ukiwa wa mwisho. Na ikiwa programu yao ya hesabu ina hifadhidata yake, soma maelekezo ya mtengenezaji kwanza, kwa sababu nyingi hazitaki faili yao ya moja kwa moja ikae kwenye NAS. Hapo NAS inapokea nakala ya kila jioni. Folda za zamani kwenye kompyuta za watu zifanye za kusoma tu mpaka hesabu za mwezi zifungwe, ndipo uzifute.